Tunda la joka: mmea unaohitaji jirani

Wakaaji wengi wa Lubumbashi wana bustani ndogo nyumbani. Kando ya ukuta au nyuma ya jiko utakuta lengalenga, matembele, sombe, na mara nyingi mwembe au mti wa avokado. Bustani hizi husaidia familia kula, hasa mshahara unapochelewa. Katika makala hii tunaeleza namna ya kuongeza mmea mmoja mgeni katika bustani ya aina hiyo. Ni mpungate unaopanda juu, na matunda yake huitwa matunda ya joka. Kwa Kifaransa watu husema pitaya.

Huenda msomaji atauliza: tunda lina uhusiano gani na amani? Uhusiano upo, na ni wa namna mbili. Kwanza, mmea huu kwa kawaida huwekwa kwenye ukuta au uzio, yaani mahali ambapo ugomvi wa majirani huanzia. Pili, aina nyingi za mmea huu hazizai vizuri zikiwa peke yake. Zinahitaji chavua ya aina nyingine, na mmea wa aina hiyo unaweza kuwa upande wa pili wa ukuta. Kwa hiyo anayetaka kuvuna inafaa azungumze na jirani yake kabla hajachimba shimo.

Mmea wenyewe

Asili ya mmea huu ni Meksiko, Amerika ya Kati na kaskazini ya Amerika ya Kusini. Tofauti na mipungate ya jangwani, huu huishi msituni, ukipanda juu ya miti na miamba. Shina lake ni la kijani, lina pembe tatu, na hutoa mizizi midogo hewani ya kushikilia nguzo. Katika karne ya 19 Wafaransa waliupeleka Vietnam, na leo Vietnam ni mojawapo ya nchi zinazouza matunda haya kwa wingi duniani. Miaka ya karibuni wakulima wa Kenya, Uganda na Tanzania nao wameanza kuupanda.

Jina la joka lisimtishe mtu. Limetokana na ngozi ya tunda, ambayo ina magamba. Kuna aina tatu zinazojulikana zaidi:

- Ngozi ya waridi na nyama nyeupe. Hii ndiyo rahisi kuanza nayo, kwa kuwa mara nyingi hujichavusha yenyewe.
- Ngozi ya waridi na nyama nyekundu. Aina hii kwa kawaida huhitaji chavua kutoka mmea wa aina nyingine.
- Ngozi ya manjano yenye miiba na nyama nyeupe. Ni tamu sana, lakini hukua polepole zaidi.

Tunda lina maji mengi, vitamini C na nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo. Si dawa, na mgonjwa wa kisukari asiache dawa zake kwa ajili yake. Ukila aina nyekundu, mkojo au choo chaweza kuwa chekundu kesho yake. Usiogope, ni rangi ya tunda tu.

Je, hali ya hewa ya Lubumbashi inafaa?

Kwa sehemu kubwa inafaa, lakini kuna miezi ya kuangalia. Mji uko kwenye kimo cha mita 1,200 hivi juu ya bahari. Mvua hunyesha hasa kuanzia Novemba hadi Machi, na kuanzia Mei hadi Septemba ni ukame. Mmea huu huvumilia ukame kuliko mboga, lakini una adui wawili.

Adui wa kwanza ni baridi. Usiku wa Juni na Julai baridi huwa kali, hasa mabondeni karibu na dembo, ambako hewa baridi hukusanyika. Mmea mchanga huumia joto linaposhuka chini ya nyuzi 5 hivi. Panda mahali palipoinuka, na katika miezi hiyo funika mimea michanga kwa gunia usiku.

Adui wa pili ni maji yanayosimama. Mvua ya Januari ikijaza shimo, mizizi huoza. Ndiyo maana hupandwa juu ya tuta na si ndani ya shimo.

Udongo na maji salama

Jambo hili lisirukwe. Lubumbashi imeishi na shaba tangu ilipoanzishwa mwaka 1910. Kiwanda cha kuyeyusha shaba, ambacho bomba lake refu na mlima wake mweusi wa mabaki huonekana kutoka mbali, kilieneza vumbi lenye metali kwa miaka mingi. Kwa kuwa upepo huvuma hasa kutoka kusini-mashariki, mitaa iliyo kaskazini-magharibi ya kiwanda ilipokea vumbi zaidi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walichapisha utafiti kuhusu watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Walikuta kiasi kikubwa cha kobalti na metali nyingine katika mkojo wao. Na mnamo Novemba 2025 maji machafu ya kiwanda cha madini yalimwagika katika baadhi ya mitaa ya mji.

Kama unakaa karibu na kiwanda, karibu na mahali pa kuosha au kupondea mawe ya madini, au mahali palipofikiwa na maji machafu, usipande moja kwa moja ardhini. Tafuta pipa au tairi kuukuu, litoboe chini, ulijaze udongo ulioletwa kutoka mahali pasipo na shaka. Mizizi ya mmea huu haiendi chini sana. Mingi hukaa katika sentimeta 20 za juu, hivyo pipa linatosha. Mwagilia kwa maji ya bomba, ya kisima salama au ya mvua, wala si ya mto unaopita viwandani. Osha tunda kabla ya kulikata, maana vumbi hukaa kwenye magamba.

Namna ya kupanda, hatua kwa hatua

1. Tafuta vipandikizi. Usianze kwa mbegu, kwa maana utasubiri miaka mingi. Kata kipande cha shina lililokomaa, chenye urefu wa sentimeta 30 hivi. Weka alama upande wa chini, kwa sababu kipande kikipandwa juu chini hakikui vizuri.

2. Acha kidonda kikauke. Weka vipande kivulini siku 5 hadi 7. Kipande kinachopandwa kikiwa kibichi huoza mara nyingi.

3. Otesha katika mifuko. Mwezi wa Septemba tia udongo wenye mchanga katika mfuko wa plastiki uliotobolewa, kisha zamisha kipande sentimeta 5 tu. Kiweke mahali penye kivuli kidogo. Kwa majuma ya kwanza mpe maji machache. Mizizi hutoka baada ya majuma 3 hadi 6.

4. Simamisha nguzo kabla ya kupanda. Nguzo iwe na urefu wa mita 1.5 hadi 2 juu ya ardhi na izame angalau nusu mita chini. Kwetu nguzo ya mti mkavu haifai, maana mchwa wataila kabla ya mavuno ya pili. Tena misitu inayozunguka mji imekwisha kukatwa sana kwa ajili ya makaa. Tumia nguzo ya sementi, bomba kuukuu la chuma, au mti ulio hai kama mlonge. Juu ya nguzo funga tairi au fremu ya vyuma ili matawi yaninginie. Mmea uliokomaa ni mzito mno, na nguzo dhaifu itaanguka wakati wa mvua na upepo.

5. Panda mvua zinapoanza. Tengeneza tuta lenye kimo cha sentimeta 30 kuzunguka nguzo. Changanya udongo na mboji au samadi iliyooza vizuri, ndoo mbili kwa kila nguzo. Udongo wa kichuguu ni mzuri kuchanganya penye mchanga mwingi, lakini usitumie huo peke yake, kwa kuwa hushika maji na kugandamana. Weka mimea 3 au 4 kwa kila nguzo, na uifunge kwa kamba laini ya kitambaa. Waya hukata shina.

6. Pogoa. Acha shina moja tu lipande hadi juu, na ukate machipukizi yote ya kando. Likifika juu ya tairi, kata ncha yake. Hapo matawi mengi yatatoka na kuning'inia, na hayo ndiyo yatakayozaa.

7. Tandaza majani makavu juu ya tuta, lakini yasiguse shina. Usilime kwa jembe karibu na nguzo, kwa sababu mizizi iko juu juu. Lengalenga zako zipande umbali wa hatua moja au zaidi.

Wakati wa ukame, mmea mchanga upewe lita chache mara moja au mbili kwa juma, na mmea mkubwa nusu bidoni kwa juma. Punguza maji Juni na Julai kukiwa na baridi, kisha ongeza tangu Septemba, kwa kuwa maua yanakaribia. Ongeza samadi iliyooza mara 2 au 3 kwa mwaka.

Magonjwa na waharibifu si wengi. Shina likiwa na doa la kahawia linalolainika, kata sehemu hiyo yote kwa kisu kilichopanguswa kwa javel, kisha uichome moto. Sisimizi hufuata utamu wa machipukizi ya maua. Pangusa nguzo na uondoe majani yanayowapa njia. Ndege na popo hupenda tunda lililoiva, kwa hiyo lifunike kwa mfuko wa kitambaa au wavu.

Ua la usiku mmoja

Mmea uliotunzwa vizuri huanza kuzaa katika mwaka wa pili hivi. Maua hutoka katika miezi ya siku ndefu, ambayo kwetu ni Oktoba hadi Machi. Ua ni jeupe, lina urefu wa sentimeta 30 hivi, na hufunguka mara moja tu. Huanza giza linapoingia, hukaa wazi usiku kucha, na jua la asubuhi likipanda hunyauka. Kama halikupata chavua inayofaa usiku huo, baada ya siku chache huwa la manjano na kuanguka.

Hapa ndipo wakulima wengi wapya hukata tamaa. Wanaona maua mengi na matunda machache, na wengine husema mmea umerogwa na jirani. Sababu ni nyingine. Aina nyekundu, kwa sehemu kubwa, hukataa chavua yake yenyewe. Tena vipandikizi kumi vilivyokatwa kwenye mmea mmoja huhesabiwa kama mmea mmoja, hata vikipandwa katika nyumba kumi. Majirani wote wa avenyu wakichukua vipandikizi kwa mama mmoja, wote watakosa mavuno. Lazima aina iliyo tofauti ipatikane karibu. Hata ile nyeupe inayojichavusha huzaa matunda makubwa zaidi ikipata chavua ya nje.

Katika nchi za asili, popo na nondo hufanya kazi hiyo. Kwetu nyuki wa alfajiri husaidia, lakini usiwategemee. Fanya hivi:

- Jioni ua linapofunguka, gusa nyuzi zake kwa brashi laini au manyoya ya kuku. Kusanya unga wa manjano katika kikombe kikavu.
- Paka unga huo kwenye ncha ya katikati ya ua la aina nyingine, ile inayotokeza kama nyota.
- Kama maua ya aina mbili hayafunguki siku moja, hifadhi chavua kavu ndani ya friji kwa siku chache, kama umeme upo.

Kutembea mitaani usiku si salama katika sehemu nyingi za mji. Hakuna haja ya kutoka. Kila nyumba ikusanye chavua yake jioni ndani ya ua wake. Vikombe vibadilishwe alfajiri, mara kunapopambazuka, wakati maua bado yako wazi. Mtoto anaweza kuvipitisha juu ya ukuta.

Tunda huiva baada ya siku 30 hadi 50. Subiri ngozi yote ibadilike rangi, kisha ongeza siku chache. Tunda hili likishachumwa haliongezi utamu, kwa hiyo usiharakishe.

Zungumza kwanza

Lubumbashi ni mji wa watu waliotoka mbali. Reli na migodi ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, kutoka vijiji vya Katanga, kutoka Rwanda na kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Wajukuu wao wanakaa ukuta kwa ukuta katika Kenya, Katuba, Kampemba na Ruashi. Tunajua pia kwamba ujirani huo umewahi kuvunjwa. Mnamo 1992 na 1993, katika mkoa ulioitwa Shaba wakati ule, maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, hasa Likasi na Kolwezi. Walisubiri treni kwenye stesheni katika hali ngumu, na wengi walikufa. Waliacha nyumba na viwanja vyao. Kumbukumbu hiyo haijafutika. Kila mara wageni wanapofika kwa wingi, au uchaguzi unapokaribia, maneno ya zamani husikika tena.

Nguzo ya tunda la joka yaweza kuzaa miaka 20. Anayeisimamisha anahitaji kuwa na hakika kwamba atabaki, na kwamba jirani yake atamwacha avune. Hakika hiyo haiuzwi pamoja na vipandikizi. Hupatikana kwa mazungumzo.

Ni kweli kwamba ua moja halitamaliza chuki iliyochochewa na wanasiasa, wala halitarudisha nyumba ya mtu. Lakini majirani wenye jambo la kufanya pamoja kila alfajiri ya Desemba huwa na nafasi ya kuulizana ukweli, uvumi unapofika mtaani.

Kabla ya kuanza, kubalianeni mambo haya:

- Ukuta ni wa nani? Kama ni wa wote wawili, msiegemeze mmea juu yake bila kukubaliana. Ni afadhali nguzo isimame hatua moja au mbili ndani ya kiwanja chako.
- Tawi likivuka, tunda ni la nani? Semeni mapema. Wengine huamua kwamba lililovuka huliwa na aliyevukiwa.
- Nani anakaa kwa kupanga? Mpangaji azungumze na mwenye nyumba, na ikiwezekana waandike kwenye karatasi kwamba akihama anaweza kuondoka na vipandikizi au mapipa yake. Mapipa yana faida hapa, kwa kuwa yanahamishika.
- Nani ana aina gani? Andikeni orodha fupi ya avenyu, ili kila aina nyekundu iwe na mwenzake karibu.
- Aliyepewa kipandikizi atatoa nini? Utaratibu rahisi ni huu: akishavuna, naye ampe mtu mwingine vipandikizi viwili bure. Katika awamu ya kwanza, kimoja kiende kwa familia iliyofika mtaani karibuni.
- Ugomvi ukitokea, nani atasikiliza? Chagueni watu wawili wanaoaminiwa na pande zote kabla ugomvi haujatokea, ili mambo yasikimbilie polisi.

Onyo kuhusu fedha

Usikope ili kupanda tunda la joka. Bado si watu wengi wanaolijua, na wanunuzi ni hasa maduka makubwa na hoteli. Jihadhari na mtu anayeahidi utajiri wa haraka na kuuza kipandikizi kwa bei kubwa. Mara nyingi faida yake inatoka kwenye vipandikizi, si kwenye matunda. Anza na nguzo moja au mbili. Ukileta vipandikizi kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa, uliza kwanza idara ya kilimo mpakani kuhusu karatasi zinazotakiwa, usije ukaingiza ugonjwa. Na usiondoe lengalenga ili kupata nafasi. Mboga huliwa baada ya mwezi mmoja, tunda hili baada ya mwaka mmoja au miwili.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Katika avenyu yetu, ni ugomvi gani wa ukuta, miti au maji uliowahi kutokea? Ulimalizwaje?
- Ni familia gani zisizo na kiwanja chao? Tunawezaje kuzihusisha bila kuzidanganya kwamba zitabaki mahali zilipo?
- Udongo na maji yetu yanatoka wapi? Nani anaweza kutusaidia kujua kama ni safi?
- Kuna jirani gani ambaye hatujasemezana naye kwa muda mrefu? Nani kati yetu ataanza kumwendea?